Windhoek na Utando Uliokuja Mwisho

Mji wa Windhoek, makao makuu ya Namibia, umekaa juu ya uwanda wa kati wa nchi hiyo, kwenye kimo cha takriban mita 1,650 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 370 hivi na ambapo jua na upepo vina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa zaidi ya hayo yanayoletwa na mvua. Mito iliyo karibu ni ya mchanga, hutiririka siku chache katika msimu wa mvua kisha hukauka. Mto wa karibu usiokauka, yaani Okavango, uko kaskazini umbali wa kilomita 700 hivi, na Bahari ya Atlantiki, ingawa iko kilomita zipatazo 300 tu upande wa magharibi, maji yake yangelazimika kwanza kuondolewa chumvi na kisha kupandishwa kimo chote hicho kwa pampu. Hali hiyo ya nchi ndiyo iliyoufanya mji huu, mwaka 1968, uwe wa kwanza duniani kuyasafisha majitaka ya wakazi wake na kuyarudisha moja kwa moja katika mabomba ya maji ya kunywa, bila kuyapitisha kwanza mtoni, ziwani wala chini ya ardhi. Maandishi mengi ya siku hizi kuhusu jambo hili huichukulia teknolojia ya utando, yaani ngozi nyembamba ya viwandani yenye vitundu vidogo mno, kuwa ndiyo chanzo na msingi wake; historia ya Windhoek ina mpangilio mwingine, kwa kuwa wakazi wake waliyanywa maji hayo kwa miaka 34 kabla utando haujawa sehemu ya mtambo wao.

Makazi ya kale ya mahali hapo yalitegemea chemchemi, baadhi yake za maji ya moto, na chemchemi hizo ndizo zilizomvuta Jonker Afrikaner na watu wake kukaa hapo mnamo miaka ya 1840. Wajerumani walipojenga ngome yao mwaka 1890 walizikuta bado zinatoa maji, lakini visima virefu vilivyochimbwa katika miongo iliyofuata viliyashusha maji ya chini ya ardhi hadi chemchemi zenyewe zikakauka. Utawala wa Afrika Kusini, ulioanza baada ya majeshi yake kuwashinda Wajerumani mwaka 1915, ulijenga bwawa la Avis mwaka 1933, ambalo mara nyingi lilikaa tupu, na bwawa la Goreangab mwaka 1958, pamoja na mtambo wa kawaida wa kusafishia maji kando yake. Bwawa hili la pili lilijengwa mahali penye kasoro, kwa sababu liko upande wa chini wa mji, kiasi kwamba uchafu unaosombwa na mvua kutoka mitaani huishia humo. Kasoro hiyo haikuonekana kubwa wakati mji ulikuwa mdogo, lakini ilikuja kuamua mengi baadaye.

Miaka hiyo haiwezi kuandikwa kana kwamba ni historia ya mabomba peke yake. Tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi na kuwaua Waafrika waliokuwa wakipinga kuhamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wao wa zamani kupelekwa Katutura, nje ya mji wa Wazungu. Mwezi Oktoba 1966 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiondolea Afrika Kusini mamlaka ya kuitawala nchi hiyo, na mwezi Juni 1968 likaipa rasmi jina la Namibia. Wakati huo wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikuwa wakifunzwa katika kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania, na baadhi yao walikwisha kurudi kwao na kupigana vita vya kwanza vya silaha mwezi Agosti 1966. Kwa hiyo mtambo unaosifiwa hadi leo katika mikutano ya wahandisi ulianza kazi chini ya utawala uliokwisha kutangazwa kuwa si halali, katika mji ambao wakazi wake wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura, na jambo hilo lafaa kukumbukwa kila Windhoek inapotolewa kuwa mfano wa watu walioyakubali maji ya aina hii kwa hiari yao.

Kwa upande wa ufundi, kazi ilifanywa na halmashauri ya mji pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Maji ya Afrika Kusini, miongoni mwao G. J. Stander na Lucas van Vuuren, ambaye ndiye anayehusishwa zaidi na hoja kwamba maji yahukumiwe kwa ubora yaliyo nao wala si kwa mahali yalikopitia. Mtambo wa Goreangab uligeuzwa ili upokee, mbali na maji ya bwawa, maji yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo wa majitaka wa Gammams na kukaa kwa siku kadhaa katika mabwawa ya kukomaza, yaani madimbwi mapana yasiyo na kina kirefu ambamo jua, hewa na muda huviua vijidudu vingi. Uwezo wake wa kwanza ulikuwa mita za ujazo 4,300 hivi kwa siku. Mwani uliomea katika madimbwi hayo uliondolewa kwa kueleshwa juu ya maji na kukombwa. Sabuni za unga, ambazo wakati huo zilikuwa za aina isiyooza upesi, ziliondolewa kwa kupuliza hewa ndani ya maji hadi zikatoka pamoja na povu. Kisha zilifuata kemikali za kuugandisha uchafu mdogomdogo uwe mabonge yanayotuama, klorini nyingi ya kuua vijidudu na kuondoa amonia, machujio ya mchanga, na mwishowe mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu hadi ukawa na vinyweleo vingi vinavyonasa kemikali zilizoyeyuka. Kila hatua iliwekwa kwa kudhani kwamba ile iliyotangulia inaweza kushindwa, na dhana hiyo ya vizuizi vingi vinavyofuatana imedumu katika Goreangab kuliko mashine yoyote iliyofungwa humo.

Kukosekana kwa utando katika mpangilio huo kunaelezwa na tarehe zenyewe. Tabia ya utando asilia ilijulikana Ulaya tangu mwaka 1748, pale Mfaransa Jean-Antoine Nollet alipofunika chombo cha mvinyo mkali kwa kibofu cha nguruwe, akakitia ndani ya maji, na kuona kibofu kikivimba kwa sababu maji yalipenya kuingia ilhali mvinyo haukutoka kwa kiasi hicho. Hiyo ndiyo osmosisi, ambamo maji hupita katika utando kwenda upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Kuugeuza mwendo huo, yaani kuyasukuma maji yenye chumvi kwa kani kubwa ili yapite yenyewe na kuiacha chumvi nyuma, ndiko kunakoitwa osmosisi ya kinyume, na kwa muda mrefu lilikuwa jambo la maabara tu, kwa kuwa tando zilizojulikana zilitoa maji matone kwa matone. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba sana upande mmoja na tabaka nene lenye vinyweleo upande wa pili, hivyo kwamba ngozi ilizuia chumvi na tabaka lile likaishikilia isipasuke, huku maji yakipita haraka mara nyingi kuliko zamani. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, katika jimbo hilohilo, ulianza kutumia osmosisi ya kinyume kuyatoa chumvi maji yake ya visima. Lakini maji ya kisima ni maji safi yenye chumvi, na majitaka ni kitu kingine kabisa: mafuta, mabaki ya viumbe na bakteria hushika juu ya utando, huota utelezi na kuziba njia, nao utando wa selulosi wenyewe ni chakula cha bakteria. Mhandisi ambaye angependekeza chombo hicho kwa Windhoek mwaka 1968 angekuwa anawauzia watu ahadi.

Majaribio ya kwanza ya kiwango kikubwa ya kutumia utando kwa majitaka yalifanyika California, katika kaunti ya Orange, ambako visima vya pwani vilikuwa vikiingiliwa na maji ya bahari. Mtambo ulioitwa Water Factory 21 ulianza mwaka 1976 kusukuma chini ya ardhi majitaka yaliyosafishwa, ili yawe ukuta wa maji baridi mbele ya maji ya chumvi, na sehemu ya maji hayo ikaanza kupitishwa katika osmosisi ya kinyume mwaka uliofuata. Singapore ilijaribu utando kwa majitaka yake mwaka 1974, ikauacha baada ya muda mfupi kwa sababu ya gharama na kutotegemeka kwa vifaa, na haikurudi kwa uzito hadi tando mpya za poliamidi, zilizotokana na kazi ya John Cadotte katika miaka ya 1970, zilipokuwa bidhaa ya kawaida na bei yake imeshuka. Mitambo yake ya Bedok na Kranji ilifunguliwa mwaka 2003. Katika nchi zote mbili maji hayo hayakuingia moja kwa moja bombani kwa wanywaji. Ya Orange yalikaa kwanza ardhini, na ya Singapore yalikwenda zaidi viwandani, sehemu ndogo tu ikichanganywa na maji ya mabwawa kabla ya kusafishwa upya pamoja nayo.

Windhoek, isiyokuwa na utando wala njia hiyo ya kupita kwanza ardhini au bwawani, ilijenga usalama wake mahali ambapo wengi wanaoisifu mitambo hawapaangalii, yaani katika mabomba ya majitaka yenyewe. Majitaka ya eneo kuu la viwanda la kaskazini, palipo na kazi kama uchinjaji na utengenezaji wa ngozi, yalitengwa na kupelekwa kwingine, na Gammams ikapokea zaidi majitaka ya nyumbani, ambayo uchafu wake, hata ukichukiza, ni wa aina inayojulikana. Kemikali ya kiwandani ambayo haikuingia katika mfereji haihitaji kutolewa. Ni hoja rahisi, lakini kuitekeleza kwa miongo kadhaa katika mji unaokua ni kazi ya ramani, ukaguzi na ubishi na wenye viwanda, na yawezekana kazi hiyo imewalinda wanywaji kuliko chujio lolote. Upimaji ulikuwa wa mara kwa mara. Uchunguzi wa magonjwa uliofanywa na Isaäcson na Sayed kwa kipindi cha 1974 hadi 1983 haukuona uhusiano kati ya kunywa maji hayo na magonjwa ya kuhara au homa ya ini ya aina A. Tofauti za magonjwa ya kuhara zilifuata hali za maisha, ambazo katika Windhoek ya wakati ule zilikuwa ni tofauti za rangi.

Ni lazima isemwe pia kwamba kiasi kilichonywewa hakikuwa kikubwa. Kati ya mwaka 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalijengwa mabwawa makubwa matatu, Von Bach, Swakoppoort na Omatako, na katika miaka ya mvua nzuri mtambo wa Goreangab ulichangia sehemu ndogo tu ya maji ya mji au ulisimamishwa kabisa. Ulikuwa chombo cha miaka ya ukame. Ulifanyiwa marekebisho mara kadhaa hadi uwezo wake ukafikia mita za ujazo 7,500 hivi kwa siku katika miaka ya 1990.

Mabadiliko yaliyouleta utando yalianza na uhuru. Baada ya tarehe 21 Machi 1990 vizuizi vya kuhamia mjini vilikuwa vimekwisha kuondoka, na watu wa kaskazini mwa nchi walimiminika Windhoek kutafuta kazi, hata sensa ya mwaka 1991 iliyohesabu wakazi takriban 147,000 ikafuatwa na ile ya mwaka 2001 iliyohesabu takriban 234,000. Wengi walijijengea vibanda vya mabati kwenye vilima vinavyoelekeza maji katika bwawa la Goreangab, bila mabomba wala vyoo vya kutosha, na ile kasoro ya mahali pa bwawa ikadhihirika: maji yake yalichafuka hadi, kwa maajabu ya mambo, majitaka yaliyokwisha kusafishwa Gammams yakawa malighafi bora kuliko maji ya bwawa. Ukame wa katikati ya miaka ya 1990 ukauongezea uamuzi haraka. Jambo la tatu lilitoka mbali: mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 waliugua tumbo baada ya kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kupenya katika mtambo wa maji ulioonekana kuwa mzima. Kijidudu hicho hutembea ndani ya ganda gumu ambalo klorini ya kawaida hailiui, na mitambo iliyoitegemea klorini kuwa askari wake wa mwisho, Goreangab ikiwa mojawapo, ililazimika kujiuliza upya.

Mtambo mpya wa Goreangab, uliojengwa kwa mikopo ya benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ulianza kazi mwaka 2002 ukiwa na uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Vizuizi vya zamani vilibakia kwa sura mpya: kemikali za kugandisha uchafu, ueleaji kwa viputo vya hewa, machujio ya mchanga, halafu ozoni, ambayo ni gesi kali inayovunjavunja kemikali ngumu na kuua vijidudu, halafu mkaa amilifu wa hatua mbili, wa kwanza ukiwa makazi ya bakteria wanaokula mabaki yaliyovunjwa na ozoni. Baada ya hayo yote ndipo unapokuja utando, na baada ya utando klorini. Utando huo si wa osmosisi ya kinyume. Ni wa uchujaji wa vitundu vidogo, na vitundu vyake vina upana wa takriban mikromita 0.035, ambapo mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Umetengenezwa kwa umbo la nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, maelfu kwa maelfu zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya mirija, nayo maji husukumwa kupenya kuta za nyuzi hizo kwa kani ndogo, kisha kila baada ya muda mfupi mwendo hugeuzwa ili yaliyonasa yaoshwe. Ganda la kriptosporidiamu lina upana wa mikromita 4 hadi 6, zaidi ya mara mia ya kitundu, hivyo haliwezi kupita ila pale unyuzi umekatika. Virusi vilivyo vidogo zaidi vinaweza kulingana na vitundu au kuwa vidogo kuliko navyo, na ndiyo sababu ozoni na klorini hazikuondolewa. Chumvi na dawa zilizoyeyuka hupita bila kizuizi, na hizo ni kazi ya ozoni na mkaa kwa kadiri zinavyoweza.

Uamuzi wa kutofunga osmosisi ya kinyume, wakati Orange na Singapore zilipokuwa zikiifanya kuwa moyo wa mitambo yao, ndio jambo lenye mafunzo zaidi katika historia yote hii. Osmosisi ya kinyume haiiangamizi chumvi, huigawa. Sehemu kubwa ya maji hutoka safi, na sehemu iliyobaki, ambayo mara nyingi ni kati ya asilimia 15 na 25 ya maji yaliyoingia, hutoka ikiwa imebeba chumvi na kemikali zote zilizozuiliwa. Orange na Singapore ziko kando ya bahari, nazo humwaga maji hayo mazito baharini. Windhoek haina pa kuyamwaga ila katika madimbwi ya kuyakausha kwa jua, jambo ambalo lingekuwa na maana ya kutupa maji katika mji uliojenga mtambo kwa sababu ya kukosa maji, na umeme wa kuyasukuma ungekuwa gharama juu ya hasara hiyo. Mji ulichagua njia ya kuchanganya: kila mara maji yanapopita majumbani huongezewa chumvi ya mkojo, ya jikoni na ya sabuni, lakini maji ya mabwawa ya mbali yana chumvi kidogo, na iwapo yaliyorudishwa hayazidi takriban asilimia 35 ya yote, chumvi haijilimbikizi kupita kiwango.

Uendeshaji ulikabidhiwa kwa miaka 20 kwa kampuni ya WINGOC, iliyoundwa na makampuni matatu ya Ulaya, Veolia, Berlinwasser na VA Tech Wabag, kwa mkataba uliotaka maji yasiyofikia viwango yasiingizwe bombani. Mtambo wa zamani haukuvunjwa; ulipewa kazi ya kutoa maji ya kumwagilia bustani na viwanja vya michezo. Hata majitaka ya viwanda, yaliyotengwa tangu zamani, yalipata utando wake: mwaka 2014 mtambo wa Ujams ulianza kuyasafisha kwa bioreakta ya utando, yaani tangi ambamo bakteria wanaokula uchafu na utando unaowatenga na maji vimewekwa pamoja, mbinu iliyoenea baada ya Wajapani kuonyesha mwaka 1989 kwamba utando unaweza kuzamishwa ndani ya tangi lenyewe. Maji ya Ujams hayanyweki, lakini bonde linaloyapokea linaelekea Swakoppoort, bwawa ambalo mji hunywa maji yake.

Miji ya bara iliyofuata njia ya Windhoek haikuiga uamuzi wake kuhusu chumvi. Beaufort West, katika nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, ilianza mwaka 2011 kurudisha majitaka bombani kwa osmosisi ya kinyume, na Big Spring, katika jimbo la Texas, ikafanya hivyo mwaka 2013. Ukame uliofuata nchini Namibia ulionyesha ni kwa nini hesabu yao inaweza kuwa tofauti. Mwaka 2016 mabwawa matatu ya Windhoek yalishuka mno, na mji ukalazimika kuchimba visima vya dharura, kwa kuwa mfumo wa kuchanganya una mpaka wake wa ndani: maji ya mabwawa ndiyo yanayoyapunguzia chumvi maji yaliyorudishwa, na yakipungua, kiasi kinachoweza kurudishwa bila kuzidisha chumvi hupungua nayo, katika mwezi uleule ambapo kinahitajika zaidi. Mipango ya mtambo wa pili wa maji ya kunywa huko Gammams, iliyokuja baada ya ukame huo, imelirudisha mezani swali la chumvi ambalo mwaka 2002 lilijibiwa kwa maji ya Von Bach.